Uzi Mweupe Kwenye Kopo

Mizani si jina alilopewa na wazazi wake. Aliyelianzisha ni mumewe, fundi mpaka rangi, siku alipomkuta mkewe anapima chumvi kwa kifuniko cha soda. "Jamani, nimeoa mke au nimeoa mizani?" akauliza mbele ya ua mzima, nasi wapangaji wenzao tukacheka mpaka tukashika mbavu. Mwenyewe hakucheka. Alikifuta kile kifuniko, akakitia mfukoni, akaendelea kupika. Jina likamganda.

Mimi ni msusi. Nasukia kibarazani, na mlango wangu unatazamana na wao, kwa hiyo msiniulize nimeyajuaje haya. Anayesuka, mikono yake ndiyo yenye kazi; macho na masikio yamekaa bure. Isitoshe nina friji la kuuzia maji baridi, na rafu ya chini nilimwachia Mizani aweke chakula chake cha wiki. Sikumtoza kitu, ingawa mara mbili tatu nilimkumbusha kwamba simtozi.

Nyumba yao ilikuwa ya watu watatu: Mizani, mumewe, na mama mkwe wake, ambaye ua mzima tulimwita Bi Mkubwa. Mume alikuwa na ajira ya kudumu kwenye kampuni ya ujenzi. Kampuni ikafunga, akabaki kuokoteza vibarua: leo geti la mtu, kesho dari la mtu, keshokutwa hakuna. Mshahara wa kutegemewa ukawa wa mke, nao ni mshahara wa mpiga pasi kwa dobi. Ungekuwa shuka, usingefunika miguu.

Hapo ndipo Mizani alipoanza kuipanga wiki. Kila Jumapili alibandika sufuria moja kubwa ya maharage, na kabla hayajaiva sawasawa akaiepua, akaizungushia blanketi zito ambalo mteja fulani hakurudi kulichukua kwa dobi. Maharage yakamalizikia kuiva humo humo kwa joto lake yenyewe, bila kula mkaa. Yalikuwa na ugumu kidogo katikati, lakini yalitafunika. Wakati anasubiri aliitangaza wiki kwa sauti, kama mwalimu anayeita majina ya wanafunzi. "Jumatatu wali na maharage. Jumanne viazi na maharage. Jumatano kabichi na yai moja moja. Alhamisi mkate na maharage. Ijumaa wali na mchicha. Jumamosi tunamalizia. Jumapili nyama, robo." Akitoka kwenye chakula aliingia kwenye mkaa, sabuni, nauli na kodi ya chumba. "Basi, imejaa," alisema mwishoni, kana kwamba wiki ni ndoo. Bi Mkubwa alikaa pale pale kwenye kigoda, anachambua mchele, anasikiliza.

Sasa nieleze habari ya nyuzi. Kwa dobi, kosa kubwa kuliko kuunguza nguo ni kuchanganya nguo. Shati la huyu likienda kwa yule, unakatwa mshahara. Kwa hiyo kila mteja ana uzi wake wa rangi, unaoshonwa ndani ya ukosi au kwenye pindo. Mizani akaileta kazi nyumbani. Chakula kikishapoa alikigawa kwenye makopo ya plastiki, na kila kopo akalifunga uzi: bluu wa mume, mwekundu wake, mweupe wa Bi Mkubwa. Jioni yeye alikuwa bado kazini, maana dobi wao anafua mashuka ya hoteli na hawafungi mapema. Bi Mkubwa ndiye aliyekuja kwangu kuchukua makopo, akapasha moto, akala, akampa mwanawe akirudi. La tatu lilimsubiri Mizani.

Mimi sikuupenda utaratibu ule, na nilimwambia. Zamani wale walikuwa wakila sinia moja, wanagombania ukoko na kutaniana. Leo kila mtu na kopo lake, na saa yake! "Chakula cha nyumba moja unakitia alama kama mashati ya watu wasiojuana?" nikamwuliza.

"Jirani, kwenye sinia mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba," akanijibu. "Mume wangu anakula kama moto. Nikigawa, najua kila mtu amepata haki yake. Makopo yanarudi matupu, moyo wangu unatulia."

Haki, aliipenda sana. Mkono wake haukuwa wa birika, msije mkamwelewa vibaya. Kijiko kilichozidi kwake alikihamishia kwa mwingine bila kufikiri. Alichoogopa ni ile siku katikati ya wiki, sufuria tupu, na mkwe wake anamtazama.

Jumapili moja mume alilalamika. "Mke wangu, haya maharage yatanivunja taya. Si uyaache motoni kidogo?"

"Mkaa utanunua wewe?" Mizani akamjibu huku anafunga nyuzi. "Na hayo meno Mungu alikupa ya kuchekea tu?"

Ua mzima ukaangua kicheko, nami nikiwemo. Bi Mkubwa naye alicheka, kafunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Nilidhani ni adabu ya kizee.

Baada ya hapo nilianza kuona mambo. Bi Mkubwa alikuwa mtu wa soga. Akikaa na wateja wangu, mtu anasukwa kichwa kizima bila kuhisi maumivu. Taratibu akapunguza maneno. Akijibu, anajibu kwa ufupi, mtandio mdomoni. Mgongo ukaanza kuchomoza kwenye gauni. Bandu bandu huisha gogo, na gogo lenyewe lilikuwa likiisha mbele ya macho yetu, lakini sote tulisema ni uzee.

Mizani alisema ni kununiwa. Alikuja kwangu asubuhi moja kabla ya kwenda kazini, macho yamevimba. "Mkwe ananinunia, jirani. Sijui nimemkosea nini. Namwuliza, 'Mama, chakula kinakupendeza?' Anaitikia kwa kichwa. Hataki hata kufungua kinywa kwa ajili yangu."

"Kwani anakula?"

"Anakula! Kopo lake tupu kila siku, tena limeoshwa. Angekuwa halipendi pishi langu angeliacha."

"Basi mpe muda. Wazee wana siku zao." Nikamwambia ajikaze kisabuni, akafuta uso, akaenda kupiga pasi mashuka ya watu.

Jumamosi moja, bila hodi wala taarifa, akaingia wifi yake. Huyu ni dada wa mpaka rangi, ameolewa upande wa pili wa mji, ana duka la viatu na sauti ya kuuzia viatu. Alikuwa hajafika kwa muda mrefu. Akamkuta mama yake kwenye kigoda, akainama kumkumbatia, na akainuka ghafla kama aliyeshika pasi ya moto.

"Mama! Mbona umekuwa hivi?" Kisha akageukia mlango. "Wewe Mizani! Toka nje! Mama yangu mnamlisha nini? Kaka yangu amenenepa shingo kama fahali, mama yangu amebaki mtandio na mifupa!"

Mizani akatoka na mikono yenye povu la sabuni. Mumewe akatoka nyuma yake, taulo begani. Wapangaji nao, ambao kwa kawaida hawasikii hata wakiitwa kufagia ua, siku hiyo wote walisikia.

"Wifi, karibu kwanza ukae," Mizani alisema.

"Sikai! Leo naondoka na mama yangu. Kumnyima mzee chakula! Watu watasemaje?"

Hilo neno kunyima ndilo lililomvunja. Mizani alinipita bila kuniomba ruhusa, akafungua friji langu, akatoka na makopo matatu ya siku ile. Akayapanga kwenye ngazi mbele ya wifi yake. "Jekundu langu. Bluu la kaka yako. Jeupe la mama. Fungua, pima mwenyewe, kijiko kwa kijiko. Kama la mama limepungua hata punje moja, mchukue, na mimi nitoke nyumba hii."

Wifi akafungua. Yalikuwa sawa sawa. Na mimi nilichungulia. Wifi akalishika lile la uzi mweupe, akasema: "Basi ale nikimwona."

"Nimeshiba, mwanangu," Bi Mkubwa akasema upesi.

"Umeshiba nini, mama, na jiko halijawashwa?"

Wifi akamwekea kopo mapajani, akampa kijiko. Bi Mkubwa alitazama huku na huku kama anayetafuta mahali pa kupitia, kisha akatia kijiko kimoja cha maharage mdomoni. Akayazungusha. Upande huu, upande ule. Akajaribu kumeza, machozi yakamtoka. Mteja wangu, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, naye aliacha kutafuna bazoka yake. Mwishowe Bi Mkubwa akakinga kiganja, akayatema. Yalikuwa mazima, kila punje kama ilivyoingia.

Akafungua fundo kwenye ncha ya mtandio wake. Ndani mlikuwa na meno yake ya bandia, yamekatika vipande viwili. Kumbe mdomo ule ulikuwa umebaki ufizi mtupu, na sote tuliona mtandio tu.

"Yalivunjika lini?" mwanawe wa kiume akauliza.

"Kitambo."

"Yalivunjikaje?"

"Yalikuwa mazee," akasema, na hakuyatazama maharage.

"Sasa mama, mbona hukusema?"

Bi Mkubwa alimtazama mkwe wake, tena kwa upole, na sauti ilitoka nyembamba kwa kukosa meno. "Ningesema lini? Kila Jumapili nakaa hapa namsikiliza mwenzenu anavyoipanga wiki. Namsikia anavyohangaika nayo. Sikusikia siku ya meno."

Wifi ndiye aliyeuliza, safari hii bila ile sauti ya dukani: "Na chakula chako alikuwa anakula nani?"

Mpaka rangi akashuka polepole akakaa chini, pale pale kwenye udongo. "Alikuwa anamimina kwangu," akasema. "Narudi nakuta sahani imejaa. Nilidhani mke wangu ameniongezea. Nikasema moyoni, kumbe bado ananipenda."

Siku nyingine tungecheka. Mizani alikuwa amesimama na povu linamkaukia mikononi, na mimi nilijua kabisa anachokisikia kichwani mwake: meno ya kuchekea tu. Akapiga magoti. "Mama, si ungenipiga hata kofi? Si ungelimwaga hilo kopo nikaliona?"

"Hukunikosea, mwanangu," Bi Mkubwa akasema. "Ulipima kwa haki."

Afadhali angemtukana. Mizani alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia uani hapa, na tumewahi kuwa na misiba. Nilimwonea huruma. Na nilimkasirikia pia, sitaficha, yeye na nyuzi zake. Sinia ingesema siku ya kwanza. Kwenye sinia mkono unaosita unaonekana.

Wifi aliondoka na mama yake jioni ile. Alisema atamtafutia meno mengine, na kwamba kwake kuna nafasi. Bi Mkubwa alisema hapana mara moja, kwa sauti ndogo, halafu akakubali. Mizani ndiye aliyempangia nguo, kila moja ameikunja kama ya mteja mkubwa. Mumewe alibeba mfuko mpaka kituoni, akarudi hakula.

Jumapili iliyofuata nilimsikia Mizani anawasha jiko, nikangoja aitangaze wiki. Hakuitangaza. Alitenga maharage kidogo kwenye kisufuria, akayaacha motoni, akaongeza mkaa, akaongeza tena. Blanketi lilibaki ndani. Yalipolainika akayaponda kwa mgongo wa mwiko, akaniletea kijiko.

"Onja, jirani. Usitumie meno."

Nikaonja. Yalishuka yenyewe. Nikamwambia hata mtoto mchanga angemeza, akaitikia kwa kichwa, akayatia kwenye kopo, akafunga uzi mweupe. Mumewe akatumwa apeleke kwa dada yake. Alipoondoka tu, Mizani akabandika maharage ya wiki, akakaa kwenye kile kigoda cha mkwe wake, akatazama geti.

Mume alirudi jua linazama, kopo mkononi. Lilikuwa safi, limekaushwa, na uzi umefungwa tena vizuri juu yake.

"Amekula?" Mizani akauliza.

"Si hilo kopo, tupu."

"Nimekuuliza, amekula?"

"Dada amesema amekula."

"Wewe ulimwona?"

"Mimi nilikuwa sebuleni na shemeji, tunazungumza. Mke wangu, kopo si unaliona? Wameliosha kabisa."

Mizani alilichukua, akalifungua, akatazama ndani. Akalinusa. Kisha akamrudishia mumewe. "Miezi yote hii nimerudishiwa makopo matupu," akasema.

Akaingia ndani, akatoka na mtandio begani na kandambili za bafuni miguuni, akashika njia ya getini. Nikamwita, "Jirani! Sufuria! Mkaa huo!" Ilikuwa sufuria ya wiki nzima, na jiko limekolea mpaka jekundu. Tangu nimjue, hakuwahi kuacha mkaa uwake bure. Siku hiyo hakugeuka hata kuutazama.