Gari Lililomzidi Baba Umri

Juzi mjini Singida nilipita karibu na kigari cha kizamani, kidogo na cha mviringo, na harufu yake ikanirudisha utotoni, kijijini Kintinku.

Baba mdogo alikuwa na kigari kama hicho. Viti vyake vilinuka petroli na mashudu ya alizeti. Mchana mmoja alikuwa anipeleke Manyoni, safari yangu ya kwanza ndani yake, na nilikuwa nimefua raba zangu mara mbili. Kigari kikakohoa, kikazima.

"Mzee huyu amemzidi hata baba yako umri," alisema baba mdogo, akifunua injini iliyokuwa nyuma.

Nikaingiwa na hofu. Mzee kiasi hicho, na mimi sikuwa nimemsalimia. Leo, baada ya kujifundisha mwenyewe mambo ya magari, nadhani kabureta ilikuwa chafu. Siku ile niliamini kosa ni langu, na nakiri bado huamini hivyo kila kitu kinapoharibika. Nikapiga goti mbele ya taa, nikanong'ona, "Shikamoo."

Baba mdogo alisikia. Hakucheka. Alifunika injini, akaingia, akawasha. Kigari kikanguruma, kikatetemeka chote. Kisha akabonyeza honi kwa muda mrefu.

"Hiyo ni marahaba," akasema. "Haya panda, mwanangu."