Diski Nne za Mtaa wa Grant

Simu ilimkuta Nzigire ghalani, saa ya mapumziko, kopo la wali na maharagwe likiwa mapajani. Ilikuwa Machi 2015, na huo ulikuwa mwaka wake wa tatu wa kupanga masanduku katika ghala moja la South End, kusini mwa jiji la Louisville, Marekani. Aliyepiga alikuwa Bamurange, kutoka Buffalo.

"Mama Grâce, tumeisha," alisema hata kabla ya salamu. "Mashine ya kituo imekufa."

Nzigire aliweka kijiko chini. Bamurange hakuwa mtu wa kulialia.

Walikutana Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, mwaka 2003. Bamurange alitoka kwa wafugaji wa milima ya Kivu Kusini, Nzigire alikuwa Mshi, wa wakulima wa Walungu katika mkoa huo huo, na siku zile watu wa pande hizo mbili hawakuaminiana kirahisi. Lakini Nzigire alipojifungua binti yake Grâce, homa ilimlaza wiki tano na maziwa yakamkauka. Bamurange alikuwa akimnyonyesha mwanawe Rugamba. Aliingia kwenye hema bila kuitwa, akamchukua yule mtoto mchanga, akampa titi la pili. Tangu hapo Nzigire alimwita yaya, dada mkubwa, na hajawahi kumpata ndugu wa tumbo moja aliyemzidi.

Huko Buffalo, Bamurange na wenzake walikuwa wamefungua kituo kidogo Grant Street, katikati ya maduka ya vyakula na ya kuwatumia jamaa pesa. Waliwasaidia wageni kujaza fomu. Kwa miaka minne walikuwa wamepiga picha vyeti vya ubatizo, barua za kambini na vyeti vya ndoa vya familia zaidi ya mia mbili, wakaviweka katika seva moja kuukuu waliyopewa. Kisha baridi ilipasua bomba kwenye chumba cha chini, karatasi zenyewe zikalowa na kuoza. Kilichobaki kilikuwa ndani ya mashine ile.

"Umeme ulikatika, ukarudi, mashine ikakataa kuwaka vizuri," Bamurange alieleza. "Fundi amekuja. Anasema mfumo umeharibika, afute vyote aanze upya. Atarudi Jumatatu."

"Yaya, nisikilize. Zima hiyo mashine, chomoa waya. Mtu yeyote asiiguse. Nakuja."

"Unakuja? Louisville si hapa!"

"Mabasi yapo."

Alipokata simu, woga ukamshika. Ni kweli alikuwa fundi. Kule Nakivale alijifunza kupiga Windows, yaani kuweka mfumo upya, katika kibanda cha mabati, na kompyuta nyingi zilipita mikononi mwake. Lakini zote zilikuwa za diski moja. Seva ya kituo ilikuwa na diski nne zilizofungwa pamoja, mpango ambao mafundi huuita RAID, na hayo alikuwa ameyasoma tu. Alimwendea msimamizi wake, mzee asiyependa maneno mengi, akaomba ruhusa. Mzee alimtazama, akatazama ratiba, akaandika jina lake mwenyewe kwenye zamu za Nzigire. "Nenda kwa dada yako," alisema.

Ijumaa asubuhi alimwacha Grâce kwa jirani wa kanisani, akapanda basi. Alasiri alishuka Columbus, njiani kwenda Buffalo, ambako Gatsinzi, binamu ya Bamurange, alikuwa akitengeneza seva kuukuu katika karakana. Gatsinzi alimpeleka nyumbani, mkewe akawapakulia ugali na sombe, majani ya muhogo, na hapo hapo mezani somo likaanza.

"Kule milimani mgonjwa hubebwa na wanaume wanne," alisema. "Mmoja akiteguka mguu, watatu wanasonga kwa shida, lakini mgonjwa anafika. Wa pili naye akianguka, bon, mgonjwa yuko chini. Diski zenu ndivyo zilivyo."

"Na nani anawapanga hao wabebaji?"

"Umeuliza vizuri. Kuna kadi ndani inayowapanga. Sasa, ukianza kuweka mfumo mpya, programu haiijui hiyo kadi. Itakuambia hakuna diski. Usiiamini! Ipe kiendeshi cha kadi, kile kiprogramu cha kuitambulisha, donc imtambue mpangaji, ndipo itawaona wabebaji."

Walimpigia Bamurange, akafungua ubavu wa seva kwa tochi ya simu na kuwasomea namba za kadi, tarakimu moja moja. Gatsinzi akatafuta kiendeshi chake, akakinakili kwenye flashi. Kisha akaleta diski iliyotumika lakini nzima, akaifunga kwa taulo. "Huenda mmoja ameshateguka," alisema. Nzigire alipoanza kumshukuru, alimkatiza: "Bamurange ni damu yangu. Mimi ndiye wa kusema aksanti."

Jumamosi jioni alifika Buffalo, theluji ikiwa bado imelundikana kando ya barabara. Bamurange alimkumbatia kwenye kituo cha basi wasiachane kwa muda. Jumapili, baada ya ibada, walikwenda Grant Street.

Nzigire aliwasha seva. Taa tatu zilikuwa za kijani, ya nne ilikuwa ya rangi ya chungwa. Gatsinzi hakukosea. Aliichomoa diski iliyokufa, akachomeka ile ya kwenye taulo, na kwenye skrini ya kadi hesabu ikaanza: asilimia moja, asilimia mbili. Diski tatu zilikuwa zikimfundisha mgeni mzigo wake. Walifunga mlango, wakaiacha iendelee.

Jumatatu saa mbili asubuhi hesabu ilikuwa imetimia. Mlangoni walimkuta mwanamume mrefu, kofia mkononi, ametoka zamu ya kiwandani. Aliitwa Mirindi. Mkewe, Vestine, alikuwa bado Nakivale, na cheti chao cha ndoa, ambacho bila hicho hangeweza kumwombea aje, kilikuwa humo ndani.

"Sitasumbua," alisema. "Nitakaa tu."

Nzigire alianza kuweka mfumo. Baada ya kurasa chache maneno yakatokea: hakuna diski iliyopatikana. Mirindi, aliyekuwa akisoma begani kwake, akashusha pumzi kama aliyepigwa. "Basi, imeisha."

"Haijaisha, kaka. Haimjui mpangaji tu."

Alichomeka flashi, akachagua kiendeshi, akangoja. Skrini ikapepesa, na mistari miwili ikajitokeza: sehemu ndogo na sehemu kubwa. Kitufe cha kufuta kilikuwa papo hapo chini yake. Alipiga simu Columbus.

"Unaona nini?" Gatsinzi aliuliza.

"Moja ndogo, ya mfumo. Moja kubwa, ya mafaili."

"Umeshajijibu. Endelea, dada."

Aliichagua ndogo, akaisoma mara tatu, akabonyeza kufuta. Katikati ya kazi fundi wa Jumatatu akaingia na mkoba wake. Bamurange alimweleza kwa Kiingereza kinachoendelea. Kijana wa watu hakununa. Alivuta kiti, akauliza maswali, akaandika namba za kadi kwenye daftari lake.

Karibu na saa sita mashine ikawaka. Nzigire alifungua sehemu kubwa, na majina yakashuka kwenye skrini: familia baada ya familia. Bamurange alipiga magoti sakafuni akamshukuru Mungu kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao. Nzigire alitafuta jina la Mirindi. Cheti kilitokea, na picha ya arusi juu yake.

Mirindi aliinama, akaitazama picha. "Nilikuwa mwembamba hivi?" alisema, akacheka, na machozi yakamtoka huku akicheka.

Kabla ya kuondoka Nzigire alinakili kila kitu kwenye diski mbili nyingine, moja ikakae nyumbani kwa Bamurange huko East Side, nyingine akaenda nayo Louisville. Kwenye basi alilala usingizi mzito kama mtoto.

Maombi ya Mirindi ya kumleta mkewe yalichukua muda, kama yachukuavyo yote, lakini Oktoba 2016 Vestine alitua Buffalo. Wakati huo Nzigire na Grâce walikuwa wameshahamia huko. Siku tatu kwa wiki Nzigire alimhudumia bibi kizee mmoja nyumbani kwake, siku mbili alikuwa fundi wa kituo, mwenye ufunguo wake. Akaomba pia chumba cha nyuma, Jumamosi asubuhi, kwa ajili ya kina mama waliotaka kujifunza. Siku ya kwanza walikuja saba. Aliweka kompyuta mbovu mezani, akampa kila mmoja bisibisi, akasema, "Haya, tuifungue tuone."