Nyamizi na Kiti cha Mbele

Nyamizi hufua ovaroli katika mgodi mmoja wa dhahabu huku Geita. Basi la wafanyakazi lilikuwa na pazia la bluu: mbele yake viti vya wazungu, nyuma yake sisi wengine. Asubuhi moja, mimba yake imekomaa na nyuma hakuna nafasi, aliketi mbele, kwenye kiti kitupu. Msimamizi akamwinua.

"Mama, hapo si pako."

"Ni pa nani? Mbona simwoni?"

Akashushwa. Akatembea hadi kazini, na jioni akaapa hatapanda tena mpaka pazia litoke.

Kesho yake Maduhu, fundi wa mitambo, alimfuata na ngoma ya bugobogobo, ile wapigiwayo wakulima wakishika majembe.

"Mayu, mama yetu, leo tunalima wapi?"

"Tunalima basi!"

Watu wakaangua kicheko, wakashuka basini, wakawafuata. Ndani ya siku chache barabara ilijaa vumbi na nyimbo, basi likapita likiwa na dereva, wazungu na pazia lao. Walikubaliana jambo moja tu: asichelewe mtu, wasije wakapewa sababu ya kufukuzwa.

Lakini mpigie Msukuma ngoma uone. Mbele ya geti waligawanyika, Bagalu huku, Bagika kule, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu, kila upande ukitaka kuuzidi mwingine kwa kucheza. King'ora kikalia, hakuna aliyekisikia. Nyamizi alipiga kelele, "Jamani, kazi! Tumekwisha!" Wakamjibu kwa kiitikio.

Mitambo ikasimama. Meneja akatoka mbio, uso mwekundu, akawakuta mamia wakiruka. Nyamizi alisogea mbele yake.

"Pazia litoke, tunaingia sasa hivi."

Meneja aliutazama mgodi uliokuwa kimya, akakubali. Jioni hiyo pazia lilitoka.

Nyamizi alipanda kwa mlango wa mbele, akaketi, vigelegele vikapasua hewa. Kiti cha jirani kilikuwa kitupu. Kesho yake pia. Kisha magari madogo meupe yakaanza kulipita basi, vioo vimefungwa, wazungu ndani.

"Wamekukimbia, mayu," Maduhu alisema.

Nyamizi akajinyoosha, tumbo lake likachukua nafasi yote, akapapasa kiti kile kitupu.

"Basi njoo ukae wewe. Usiniache peke yangu huku mbele."

Maduhu akaja.