Nilibandua karatasi ya error code kwenye oveni, dada Sitti akaungua mkono

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimesoma uzi wa mwenzetu anayesema oveni yake inaandika F2, na wengi mmemshauri azime, asubiri kidogo, awashe tena. Nimeshindwa kupita kimya. Ninayosimulia yalinitokea, na kosa lilikuwa langu.

Kwanza mnisamehe Kiswahili changu. Nilizaliwa Mahajanga, wazee wetu ni Wangazija. Sekondari nilisoma Unguja kwa mjomba, nikarudi mwishoni mwa miaka ya sabini. Huku nyumbani ni Kimalagasi na Kikomoro, Kiswahili nakitumia humu jukwaani tu.

Kazi niliianzia kwenye tanuri la kuni, kwa muoka mikate mmoja mjini. Pale hakuna namba. Unarusha unga kidogo ndani, ukibadilika rangi polepole joto limefika, ukiungua papo hapo unasubiri. Mzee aliyenifundisha alinificha kipimo cha chumvi miaka miwili mizima. Nikaona ndivyo ufundi ulivyo.

Miaka ya tisini nikahamia kisiwa cha Nosy Be, fundi wa hoteli moja pale Ambatoloaka. Ikaletwa oveni ya umeme yenye kioo cha namba. Ikipata hitilafu inalia na kuandika herufi na namba. Kwenye fremu ya mlango ilibandikwa karatasi ya Kifaransa inayoeleza kila code.

Siku ya kwanza tu niliibandua karatasi ile, nikaitia kwenye pochi.

Sikuwa na cheti cha umeme, wakuu. Niliogopa kwamba jiko zima likijua kusoma namba zile, hakuna atakayenihitaji.

Mpishi mkuu alikuwa dada Sitti, mjane, mtu wa kwetu Mahajanga, mtaa wa Ampisikina. Kifaransa alikisoma vizuri kunishinda.

"Fundi, imeandika F3. Ndiyo nini?"

"Ndiyo kwamba uniite, dada."

"Kumbe wewe mganga. Kesho utaniagiza kuku mweusi."

Jiko lote likacheka, nami nikacheka. Alipogeuka nikachungulia karatasi yangu. F3 ilikuwa kihisi cha joto, waya wake umelegea. Nikakaza, nikatembea kifua mbele.

Umeme wa kisiwani ulikuwa unakatika sana, na ukirudi oveni ilichanganyikiwa ikaandika F1. Hiyo dawa yake ilikuwa kuzima kwenye swichi ya ukutani, kuhesabu hadi sitini, kisha kuwasha. Sitti aliniona nikifanya hivyo mara nyingi.

Kisha mama yangu akafariki Mahajanga. Nikaaga niende kwenye hitima. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Sitti akanisindikiza hadi mlango wa jiko.

"Ikilia nami niko peke yangu?"

"Zima ukutani, hesabu sitini, washa."

"Namba yoyote?"

"Namba yoyote."

Karatasi ilikuwa kwenye pochi yangu, mfuko wa nyuma. Niliondoka nayo.

Siku ya tatu oveni iliandika F2. Kwa oveni ile, F2 maana yake joto limepita kiasi: swichi ya ndani imeganda, waya wa kupashia joto unaendelea kuwaka hata ukiizima kwenye kioo. Ukiikatia umeme na kuurudisha, code inafutika lakini ugonjwa uko palepale.

Ndani mlikuwa na bata wa wageni, trei imejaa mafuta. Sitti alizima, akahesabu, akawasha. Mara tatu. Moshi ulipoanza kutoka akafungua mlango awaokoe bata. Hewa ikaingia, mafuta yakashika moto. Mkono wa kulia, hadi kwenye kiwiko.

Niliporudi nilikuta hoteli imeamua kwamba alitumia mashine vibaya. Wakamwachisha kazi. Mwenye hoteli aliniuliza mbele ya wapishi kama mashine ilikuwa na maelekezo yoyote. Nikajibu sijui. Sitti akarudi kwao Ampisikina, vidole viwili vimejikunja havinyooki.

Miaka mingi ilipita kabla sijamwendea. Nilimkuta barazani anachambua mchele kwa mkono wa kushoto. Nikatoa karatasi, nikamweleza yote. Akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti:

"F2. Kata umeme. Usiwashe tena. Usifungue mlango."

Akasoma mara ya pili. Kisha akasema, taratibu tu:

"Fundi, mimi nilikusamehe siku nyingi. Nilidhani hukujua."

Akanirudishia karatasi, akaendelea na mchele.

Ndugu mwenye F2, kata umeme ukutani na uuache umekatwa, mlango ubaki umefungwa hadi ipoe kabisa, kisha tafuta fundi. Kila kampuni ina code zake, F2 yako huenda si F2 yangu, kwa hiyo soma kitabu chake kwanza au angalia fremu ya mlango. Kuzima na kuwasha kunafuta namba tu.

Nanyi mafundi wenzangu, mnachokijua kibandikeni ukutani, kwa lugha ya mpishi.

Bado namtembelea. Kama kuna daktari humu, au mtu aliyepitia hali hiyo, anayejua kama vidole vilivyokazwa na kovu la moto la miaka mingi vinaweza kunyooka hata kidogo, naomba aniandikie hapa chini. Nitasoma kila jibu, na nitamsomea.