Barua Isiyokuwa na Namba

Wanafunzi walimwita Pazia, naye alilijua jina hilo na hakulichukia. Lilitokana na mazoea yake ya kusimama mbele ya darasa, kukunja mikono ya blauzi na kusema, "Haya, pazia linafunguka," kabla hajasoma hata sentensi moja ya tamthilia. Alikuwa amefundisha fasihi miaka kumi na mmoja katika chumba kilekile chenye madirisha mawili yasiyofungika vizuri, na miaka yote hiyo tamthilia ya mtihani ilikuwa moja: ya kale, ya binti wa mhunzi na mwana wa hakimu, wapenzi ambao baba zao walikuwa paka na panya. Mwishoni wapenzi hao wanajificha ndani ya tanuri kubwa la kuyeyushia chuma, wangoje kupambazuke watoroke. Mhunzi anaamka mapema kuliko siku zote na kuwasha moto, asijue ndani mna nani.

Mwaka wake wa kwanza kazini, darasa zima lilicheka mahali hapo. Walicheka kwa sababu maneno yalikuwa ya zamani na wapenzi walikuwa wanasemezana kama mawakili. Pazia alirudi nyumbani siku hiyo akiwa amenywea. Wiki nzima aliwaza, kisha akaja na sanduku la viatu alilolibandika karatasi ya kaki na kulitoboa tundu juu.

Utaratibu ulikuwa huu. Kila mwanafunzi aliandika barua moja akijifanya mmojawapo wa wapenzi. Hakutia jina lake. Aliitumbukiza sandukuni, na mwalimu akaiandikia namba kwa wino mwekundu pembeni, namba ambayo yeye peke yake alijua ni ya nani. Kisha barua zilichanganywa, kila mmoja akaokota moja na kuijibu kwa sauti ya yule mpenzi mwingine. Majibu yalirudi kwa njia hiyohiyo, kila jibu likiwa na namba ya barua yake. Sharti lilikuwa moja tu, nalo Pazia alilirudia mpaka wakalikariri: "Andika kama mtu anayeandika kweli. Nikinusa harufu ya darasa, sifuri." Tangu hapo hakuna aliyecheka penye tanuri.

Ilikuwa Ijumaa, siku tatu kabla ya karatasi ya fasihi ya mtihani wa mwisho, fundi seremala alipoingia ofisi ya walimu bila kubisha hodi. Alikuwa na penseli sikioni na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Alikuwa baba wa msichana waliyemwita Nukta, mdogo wa umbo, ambaye maneno yake kwa muhula mzima yangetosha kwenye kiganja. Nukta hakuwa ameonekana shuleni tangu Jumatano.

Mkuu wa shule alimfuata fundi kwa nyuma akihema.

"Fundi, tulikubaliana tuzungumzie ofisini kwangu..."

"Ninamtaka huyu anayewafundisha mapenzi," fundi alisema. Akaweka karatasi iliyokunjwa mbele ya Pazia, taratibu, kama mtu anayeweka kitu kinachoweza kulipuka. "Soma, mwalimu. Soma kwa sauti, na mkuu wako asikie."

Pazia aliifungua. Herufi zilikuwa zimelala upande, nzito, kama za mvulana asiyependa kuandika.

"'Barua yako nimeisoma mara nne,'" alisoma. "'Hakuna mwingine anayenisikiliza kama wewe. Nitakungoja nyuma ya tanuri kabla jua halijachomoza. Usimwambie baba yako.'"

"Usimwambie baba yako!" fundi alirudia. "Mimi huyo! Nimeikuta kwenye mkebe wake wa hesabu nikitafuta rula. Nimemuuliza ni nani huyu mvulana, siku mbili, hajafungua mdomo. Sare yake nimeitia kwenye sanduku langu la zana, nikapiga kufuli. Haji hapa tena."

"Lakini Jumatatu ana mtihani," mkuu alisema. "Asipofanya karatasi moja, cheti kizima kinaharibika. Miaka minne, fundi!"

"Bora cheti kiharibike kuliko mtoto."

Mkuu alimgeukia Pazia na tabasamu la haraka. "Basi, mwalimu, mweleze mzazi. Hizi si zile barua zako za tamthilia? Ni kazi ya darasa, fundi, watoto wote wameandika. Tanuri lenyewe limo kitabuni! Mwalimu, mweleze yaishe."

Kweli, tanuri lilikuwa la kitabuni. Hata Pazia alikuwa tayari kulisema hilo, neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Hapo ndipo macho yake yalipokwenda pembeni mwa karatasi. Aliigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. Hapakuwa na namba.

Barua hii haikupita sandukuni. Kuna mtu aliyemwandikia Nukta nje ya macho yake, akijificha nyuma ya zoezi lake yeye mwenyewe. Fundi hakujua habari za namba, wala mkuu hakujua. Yeye angeitikia kwa kichwa tu, kesi ingekwisha na msichana angefanya mtihani. Na kama kweli alikuwapo mtu anayemngoja mahali?

"Mwalimu," mkuu alihimiza, akimgusa mguu kwa kiatu chini ya meza.

"Fundi," Pazia alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza kwa udogo wake, "sitakudanganya. Barua za darasa nazitia namba zote. Hii haina. Haikupita mikononi mwangu."

Pengine fundi alikuja akitaka kuambiwa amekosea. Alichukua karatasi, akaikunja palepale ilipokuwa imekunjwa. "Asante kwa kusema kweli," alisema, akatoka.

Mkuu alisubiri mpaka nyayo zikapotea ukumbini. "Umemuua mtoto wa watu kwa ajili ya wino mwekundu," alisema, naye akaondoka.

Pazia alibaki ameshika kichwa. Alipoweza kunyanyuka alitoa daftari lake la namba na kupitia orodha, jina kwa jina. Wanafunzi arobaini na mmoja, majibu arobaini na moja. Hesabu ilikaa sawa, na hiyo ndiyo iliyokuwa imemlaza usingizi. Kisha akavuta droo, akaliona jibu moja lililobaki, aliloandikiwa mvulana mmoja aliyehama shule wiki mbili zilizopita, ambalo alikuwa amemwekea ili amtumie. Alilitazama kama mtu anayejiona ghafla kwenye kioo. Kama jibu la mvulana lilikuwa hapa bila mwenyewe, basi darasani kuna mtu aliyekaa bila jibu. Mvulana alihama na barua ya mtu mfukoni, hajaijibu. Barua ya nani? Alifuata namba kwa kidole mpaka chini ya ukurasa, akitafuta isiyo na alama ya jibu. Ilikuwa ya Nukta.

Alikumbuka siku ile ya kugawa majibu. Darasa lilikuwa linaungua kwa vicheko, wengine wamepanda juu ya viti. "Kila mtu amepata?" aliuliza, na kengele ikalia, na Nukta alikuwa ameweka mkono juu ya daftari kama mtu anayefunika karatasi. "Kabandikeni kwenye daftari, kesho nakagua," alimalizia, akatoka mbio kwenda darasa jingine, na ukaguzi wenyewe hakuufanya.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa fundi. Karakana ilikuwa imeshikana na nyumba, mlango mmoja tu katikati. Mke wa fundi, macho yamemvimba, alimpokea kwa kunong'ona: "Karibu, mwalimu. Yuko kule nyuma kwenye mbao. Hali, hasemi. Mwenzangu naye kawa mbogo."

Fundi alikuwa anapiga randa nje ya mlango wa stoo. Hakumsalimu. "Dakika tano," alisema bila kuinua uso, "na mlango ubaki wazi."

Nukta alikuwa amekaa juu ya mbao zilizopangwa, ameyakumbatia magoti. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani, na bila sare alionekana mtoto zaidi. Pazia alikaa kando yake. Nje, randa ilikwenda na kurudi, shwaa, shwaa.

"Nimehesabu vibaya," Pazia alianza, kwa sauti ya chini. "Aliyeiokota barua yako ndiye aliyehama. Hukupata jibu. Siyo?"

Msichana aliyabana magoti zaidi.

"Na mimi nikasema kesho nakagua."

Shwaa, shwaa.

"Mwanangu, nani ameandika ile karatasi?"

"Mtu."

"Mtu gani?"

"Mwalimu, niache. Afadhali iwe hivyo hivyo."

"Afadhali iweje? Jumatatu ni keshokutwa! Baba yako anaamini una mtu anayekungoja gizani."

"Afadhali aamini!" Nukta alisema, na machozi yakamtoka mara moja. "Afadhali anione mhuni. Kuliko wajue kwamba... Walikuwa wote wanasoma, mwalimu. Yule tunayemwita Msemaji alipata kurasa tatu, akazisoma juu ya meza, watu wakapiga makofi. Mimi sina hata mstari. Ningenyoosha mkono niseme nini? Kwamba mimi peke yangu sikuandikiwa?"

Pazia alimsogelea karibu zaidi.

"Kwa hiyo nikajiandikia," msichana alisema. "Kwa mkono wa kushoto. Ili usijue."

Randa ilikuwa imenyamaza. Hakuna kati yao aliyejua ilinyamaza saa ngapi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na chombo chake mkononi, ameuziba mwanga.

"Rudia," alisema.

Nukta alijikunyata. Pazia alinyanyuka nusu, kisha akakaa tena, maana aliona kwamba akisema yeye, haitaaminika.

"Nimesema rudia. Hiyo ya mkono."

"Nilijiandikia mwenyewe, baba."

Fundi alitoa penseli sikioni na kuokota kipande cha mbao kilichobaki katika kazi. Akampa vyote viwili. "Andika. Usimwambie baba yako. Kushoto."

Penseli ilimteleza msichana mara mbili. Iwapo herufi zingekataa kufanana, hakuna neno la mwalimu ambalo lingesaidia tena katika nyumba hii. Herufi ya kwanza ilitoka imelala upande, nzito. Ya pili ikaifuata. Fundi alitoa ile karatasi mfukoni, akaiweka kando ya kipande cha mbao, akainama kuzilinganisha kama alivyozoea kupima maungio, amefumba jicho moja.

Alipoinuka hakuwa na hasira tena usoni, ila alionekana kama mtu aliyebeba gogo akalitua, kisha akakuta mabega bado yanauma.

"'Hakuna mwingine anayenisikiliza kama wewe,'" alisoma polepole. "Haya nayo ulijiandikia mwenyewe?"

"Ndiyo, baba."

"Siku tatu nakufokea, na wewe kimya."

"Ulikuwa unauliza ni mvulana gani," Nukta alisema. "Hakukuwa na mvulana."

Fundi alikwenda kwenye sanduku la zana. Funguo zilimgomea, akazilaani chinichini. Alitoa sare iliyojaa maranda, akaikung'uta mara tatu, akamrushia mke wake aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti. "Ipige pasi," alisema. Kisha akamgeukia Pazia, na sauti ikapanda tena kidogo.

"Na wewe, mwalimu. Barua zako ni nzuri, sikatai. Lakini siku nyingine usihesabu karatasi. Hesabu watoto."

"Nitahesabu watoto, fundi. Nisamehe."

"Na huko darasani?"

"Hakuna atakayejua. Hata mkuu nitamwambia tu kwamba kosa lilikuwa langu, na ndivyo lilivyo."

Nukta alijifuta uso kwa pindo la gauni lake. Alisita, akamwangalia mwalimu kwa pembe ya jicho. "Mwalimu, lile swali la nani alaumiwe kwa kifo cha wapenzi... Likija Jumatatu?"

Pazia alicheka kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa, kicheko chenye mkwaruzo. "Mimi nikae siku mbili roho mkononi, wewe unaniuliza swali la nani alaumiwe! Haya, niambie wewe. Pazia linafunguka."

Wakakaa palepale juu ya mbao, bila kitabu. Nukta alianza kwa kumlaumu hakimu, kama darasa zima lilivyofanya. Pazia akamtaka ushahidi, akautoa. Akaingia kwa shangazi wa binti, aliyejua siri yote na kukaa kimya, na hapo sauti yake ikapata nguvu, akaanza kuhesabu hoja kwa vidole.

Fundi alikuwa amerudi kwenye kazi, lakini randa ilikwenda kwa kituo, ikisimama na kuanza.

"Subirini," alisema hatimaye kutoka nje. "Huyo mhunzi. Asubuhi ile, kabla hajawasha moto. Kitanda cha binti hakukiona kitupu?"

"Alikiona, baba."

"Na hakuuliza?"

"Alidhani anajua binti yuko wapi," Nukta alisema. Akashuka kwenye mbao, akaenda kusimama mlangoni mahali baba yake angeweza kumsikia vizuri, akaendelea kueleza.