Aspirini Iliyonifanya Niitwe Mpiga Mume

Kuna aibu mtu anaificha mpaka inazeeka, na hii yangu nimeificha vya kutosha, bora niiseme mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine wakaitia chumvi (ingawa kwa kweli haihitaji chumvi).

Wakati ule tulikuwa tunaishi Malton, huku ughaibuni, mimi na mume wangu, Baba Salma, yeye anapakia mizigo kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege, na kwa kuwa moyo ulishawahi kumsumbua, daktari alimwandikia aspirini, ile ndogo yenye ganda la njano, anywe moja kila asubuhi damu isigande ovyo, na mimi ndiye niliyekuwa namwekea pembeni ya kikombe cha chai. Miezi ikaenda, hakuna shida. Halafu siku moja anavua shati, namwona amevilia damu mkononi, alama ya zambarau kama ya mtu aliyeshikwa kwa nguvu. Nikauliza, akasema, "Boksi hilo." Baadaye nyingine ubavuni, nyingine begani, na kila mara ni boksi. Sasa niambieni nyie, boksi gani hilo lenye vidole.

Ningemkalisha nikamuuliza vizuri, yangeishia pale pale. Lakini nikaamua kunyamaza nichunguze, na uamuzi huo mdogo ndio ulioniponza. Nikanusa mashati, nikatega sikio akiongea na simu, na jina lililojirudia ni Mama Furaha, Mkongo wanayefanya naye zamu moja. Nikajisemea, boksi lenyewe ndilo hili.

Asubuhi moja akaondoka bila chakula (sawa, hotpoti niliificha mimi), nikapanda basi mpaka ghalani, nikasema nimemletea mume wangu chakula, nikaelekezwa kantini. Kufungua mlango nawakuta meza moja, Mama Furaha anamsogezea glasi ya maji yanayotoa povu, na mume wangu anaipokea bila kuuliza, anakunywa kama mtoto anayenyweshwa uji.

"Ndiye huyu anayekufinya?" nikasema.

Kantini nzima ikatugeukia, na pale wanaojua Kiswahili si wachache (wasiokijua walielewa sauti). Baba Salma akasema polepole, "Mama Salma, twende nje tukaongee." Mimi nikamkamata mkono, nikalipandisha shati watu wajionee, naye akajivuta, kiwiko changu kikamgusa puani, kidogo tu, na damu ikaanza kutoka. Ikatoka isikome. Tishu zikaisha, msimamizi akaita gari la wagonjwa, mlinzi akaja kusimama kati yangu na mume wangu, na nilipotazama nyuso za watu ndipo nikaelewa wanachokiona: mwanamume mwenye alama mwili mzima anavuja damu, na mkewe amesimama juu yake anafoka.

Hospitali muuguzi akaniomba nisubiri nje, lakini mlango haukufungwa vizuri, nikamsikia anamuuliza kama nyumbani yuko salama, na kama mkewe huwa anampiga. Baba Salma alichelewa kujibu (alikuwa ameziba pua, ndiyo sababu), nami nikaona dunia inaniendea mbali.

Daktari aliponiita ndani akataka kujua mgonjwa anatumia dawa gani. Nikamwambia aspirini ya ganda, moja tu kwa siku. Mama Furaha, aliyetufuata na gari lake, akafungua mkoba akatoa kichupa.

"Na hii," akasema. "Namupatiaka ya mugongo, kila siku ya kazi."

Daktari akasoma kichupa, akashusha pumzi. Nayo ni aspirini, akasema, tena nyingi kuliko ile ya nyumbani. Ganda linakichelewesha kidonge kisiyeyukie tumboni, hiki cha povu kinayeyuka kwenye glasi, ila vikishaingia kwenye damu kazi yao ni ile ile, vinazizuia zile chembe zinazoziba jeraha zisishikane, kwa hiyo boksi likimgusa tu, anavilia. Wakampima, wakakuta damu imepungua kidogo. Ya povu akaambiwa aache kabisa, ya ganda aendelee nayo kwa ajili ya moyo.

Nikamgeukia mume wangu. "Mgongo unakuuma, na hukuniambia?"

"Ungesema niache kazi," akajibu.

Kweli, ningesema.

Tulipofika kwenye korido nilimshika Mama Furaha mkono, nikamwomba msamaha, nikamwambia wazi kwamba zile alama nilidhani ni zake. Akainamisha kichwa.

"Hata miye, mama. Niliona zile alama, nikazani ni weye unamupigaka. Njo maana nilizidi kumuhurumia na dawa."

Kwa hiyo kadiri alivyomhurumia alama ziliongezeka, na kadiri alama zilivyoongezeka yeye alizidi kunishuku mimi, na mimi nilizidi kumshuku yeye.

Tangu siku ile nimeapa: nikiona kitu nauliza kwa mdomo kabla miguu haijatoka nyumbani, na hakuna kidonge kinachomezwa kwangu, hata cha mafua, kabla hatujasoma kina nini ndani. Ila daktari alieleza hospitali, hakueleza kantini. Mpaka Baba Salma anaacha kazi pale, wenzake walikuwa bado wanamvuta pembeni, wanamuuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani ni kwema.