Wino wa Kuagia

Mjomba wangu aliwaandikia watu barua za mapenzi kwenye baraza ya posta. Kabla ya kushika kalamu aliuliza, "Unaomba au unaaga?" Anayeomba aliandikiwa kwa buluu. Anayeaga aliandikiwa kwa zambarau, wino ambao mjomba aliuchanganya mwenyewe na kuufungia kabatini.

Siku moja fundi cherehani wa jirani alimwambia, "Mzee, mwandikie mchumba wangu kwamba kesho namfuata."

Mjomba alidhani ni safari. "Umeshindwa kungoja, binti yangu," akamtania, akachovya kalamu kwenye buluu na kuandika. "Anwani?"

"Nitampelekea mwenyewe. Kaburi lake haliko mbali."

Mjomba alimsihi sana, lakini binti aliichukua barua akaenda kuiacha kaburini.

Asubuhi alirudi nayo. Chini kulikuwa na maneno mawili ya zambarau, "Usije bado", yamelalia kushoto kama mwandiko wa marehemu.

"Ni wewe, mzee?"

Mjomba alifungua kabati. Nta kwenye kizibo cha chupa haikuwa imeguswa, ila wino ulikuwa umepungua.

Fundi yule anashona mpaka leo. Mjomba haandiki tena kwa zambarau.